Baba Amesemaje?

Kwako mdogo wangu mpendwa, Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba, kwa Mama Pasi wa mlango wa pili, na kwa paka wake, ambaye tangu ushinde anatembea kwa maringo kama vile yeye ndiye aliyeimba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha, na koo lako halikusumbui. Nimesikia siku hizi huruhusiwi hata kunywa maji ya baridi. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa ukilamba barafu kwenye friji ya Mama Pasi mpaka ulimi unanata.

Sisi hatujambo. Mimi ni mzima isipokuwa vidole, ambavyo vimepasuka kwa gundi na msasa kama kawaida. Baba ana nguvu, anakula vizuri, anapanda ngazi bila kuhema, na juzi alishirikiana na seremala kubeba kinanda kizima kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kazi. Kuna jambo moja juu yake nitakueleza huko mbele. Tafadhali usiiruke barua ukaenda kulitafuta. Hajalazwa, na hakuna aliyekufa. Isome kwa mpangilio nilioiandika, maana nimeiandika mara tatu na mbili za kwanza nimezichana.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Simu na mimi tuna kesi, utaiona mwenyewe. Na wewe kwenye simu husikilizi, unadakia. Mtu akifungua mdomo tu, umeshamalizia sentensi yake na kuijibu. Barua huwezi kuidakia.

Kwanza nikupe habari za hapa. Mtaa mzima umegeuka ndugu zako. Yule mwenye duka la dawa, aliyekuwa akifunga dirisha kwa kishindo ukianza mazoezi, sasa anawaambia wateja kwamba yeye ndiye wa kwanza kugundua kipaji chako. Mwalimu wako wa darasa la sita, yule aliyekutoa nje kwa kuimba wakati wa hesabu, amekuja karakana na gitaa lisilo na tatizo lolote, ili tu akione chumba ulichokulia. Baba alilipokea, akaligeuzageuza, akamwambia arudi baada ya wiki. Nilimuuliza lina nini. Alijibu kwamba halina kitu, lakini mtu aliyebeba gitaa umbali wote ule si vizuri kumwambia amekuja bure.

Karakana yenyewe iko vilevile ulivyoiacha. Magitaa yametundikwa kwa shingo ukutani, jiliwa la kubania mbao liko mezani, makopo ya vanishi yako chini ya benchi, na ukipiga chafya maranda yote yanaruka. Kilichoongezeka ni picha yako ya gazetini. Baba aliikata kwa kisu cha kazi, akaibandika kati ya gitaa lenye ufa na kile kinanda kisicho na mwenyewe. Wageni wakimpongeza huinamisha kichwa na kusema, kazi, kazi. Hawajui kama anawashukuru au anawahimiza waondoke. Na kazi imetuzidi kweli, kwa sababu kila mwenye gitaa anataka lipite mikononi mwa fundi aliyekuzaa. Wanasema sikio kama la baba yako halijapata kutokea.

Mimi nikiikumbuka safari yako nakumbuka Jumapili. Ulikuwa mwaka wa nne tangu uondoke nyumbani, unasuka nywele saluni kutwa kucha, ukatuambia kwamba umejiandikisha kwenye shindano la televisheni. Nilidhani ni moja ya mambo yako. Halafu ukasimama kwenye foleni ya watu mia saba, na viatu vya kuazima, ukapita mchujo wa kwanza, ukapita wa pili, na siku moja tukaambiwa umo katika wale kumi na wawili watakaoimba mbele ya nchi nzima kila Jumapili saa kumi alasiri, kwa wiki nane, mpaka abaki mmoja.

Kuanzia Jumapili ya pili nyumba yetu ilikuwa haina pa kukanyaga. Mama Pasi alikuwa akija na kiti chake, meza yake ya kupigia pasi na fungu zima la nguo za wateja, kwa sababu alisema hawezi kukaa mikono mitupu moyo ukimdunda hivyo. Ukianza kuimba alikuwa akiisimamisha pasi wima na kusahau kila kitu. Ukimaliza anashusha pumzi, anaendelea na kola. Ameunguza shati moja tu kwa wiki zote hizo, na mwenye shati alipoambiwa sababu alisamehe.

Na saa kumi na mbili kamili simu yangu inalia. Hukuwa unauliza umeimbaje. Hukuwa hata unauliza hali zetu. Ulikuwa na swali moja tu: Baba amesemaje? Majaji wale watatu walikuwa wameshasema yao, yule wa miwani amekusifia, yule mama wa wigi amekuonya, yule wa tatu amelia kama anavyolia kila wiki, lakini yote hayo ulikuwa umeyatupa kapuni. Ulitaka la Baba. Na kwa kuwa Baba na simu hawajawahi kupatana, tangu zamani anasema simu inasaga sauti za watu, mimi ndiye niliyekuwa njia yenu. Ulikuwa unaniuliza mimi, nami nakuletea neno lake.

Nayakumbuka yote. Jumapili ya kwanza nilikuambia Baba amesema ubeti wa mwisho umeanzia juu mno, ukaishiwa pa kupanda. Ya pili nikakuambia Baba amesema unameza mwisho wa maneno, kama mtu anayeficha kitu mdomoni mama akiingia jikoni. Ya tatu, Baba amesema acha kushindana na wapiga vyombo. Waache watangulie, wewe uwafuate kama mtu asiye na haraka. Uliyafanya yote. Kila wiki nilikuona umelichukua neno moja lile na kulifanyia kazi, na kila wiki ulikuwa mwimbaji mwingine. Wiki ile ya nne ulipowafuata wapiga vyombo bila haraka, jaji wa miwani alisimama, na Mama Pasi akapiga kigelegele mpaka mwenye duka la dawa akaja kuuliza kuna arusi gani.

Mwalimu wa sauti wa kipindi chenu hakufurahi, ulinisimulia mwenyewe. Alikuuliza ni nani huyo anayekufundisha nyumbani, kwa sababu anaharibu ratiba yake. Ukamjibu kwamba kwetu kuna sikio ambalo yeye hajawahi kukutana nalo. Nilicheka sana siku ile.

Wiki hiyohiyo ya nne, ulipomaliza kuimba, mtangazaji alikuuliza kuhusu nyumbani. Ukamsifu Baba mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Akakuuliza kama kuna mwingine mwenye kipaji katika familia. Ukasema yupo dada yako mmoja, mnamwita Gundi, huyo sikio hana kabisa, na akiimba bafuni hata maji yanakatika. Ukumbi wote ulivunjika mbavu. Hapa nyumbani Mama Pasi alicheka, akaniangalia, akaacha kucheka, akaanza kupiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshanyooka.

Na mimi nilicheka. Ni kweli siwezi kuimba, na ni kweli Baba mwenyewe alinitoa kwenye mazoezi nikiwa na miaka kumi na miwili, akaniambia nikakoroge gundi, na jina likabaki. Sina kinyongo na jina. Limenizoea.

Jioni ile ulipopiga simu nilikuambia Baba amesema wimbo wa wiki ijayo uuimbe chini, chini kabisa, bila madoido yoyote. Ukashangaa, lakini ukasema kama Baba amesema, basi. Jumapili ya tano ukafanya hivyohivyo. Sauti yako ilizama kwenye vyombo kama kijiko kwenye uji. Jaji wa miwani alivua miwani. Yule anayelia hakulia. Kura zilipohesabiwa ukasimamishwa mbele pamoja na yule kijana mwenye kifua kipana, mmoja wenu atoke, na mtangazaji akanyamaza muda mrefu mpaka Mama Pasi akaanza kumtukana kwenye kioo. Ukaponea chupuchupu.

Ulipopiga simu ulikuwa unalia, na hukumlaumu Baba hata kidogo. Ulisema lazima hukumwelewa vizuri. Ulisema nimwombe msamaha kwa niaba yako, kwa kuuharibu wimbo aliokupangia. Nikasema nitamwambia.

Baada ya hapo ulipanda tena, wiki ya sita, ya saba, mpaka ikafika fainali, na siku moja kabla ya fainali nilikupigia mwenyewe nikakuambia Baba amesema ushushe mabega. Nchi nzima iliyaona mabega yako yakishuka. Uliimba siku ile mpaka mimi, ambaye nimekusikia tangu unalilia chupa, nikakaa chini sakafuni. Uliposhika tuzo ulisema neno moja tu kuhusu ushindi wako, kwamba baba yako alikuambia ushushe mabega.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii. Wiki iliyopita ulinipigia kwa furaha ukaniambia kampuni imekubali sharti lako. Utarekodi nyimbo kumi, na hakuna hata mmoja utakaotoka mpaka Baba ausikilize. Jumatatu ijayo gari litakuja kumchukua, atakaa studio wiki nzima kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili yake, wamvalishe vile vifaa vya kusikilizia, yeye aseme huu ubaki, huu utoke, hapa rudia. Hata jalada wameshalichora, limeandikwa kwamba nyimbo zote zimepitishwa na sikio lake. Ukaniambia nimfulie lile koti lake la kijivu. Nikasema sawa. Nikakata simu, nikakaa juu ya maranda.

Chiriku, Baba hasikii.

Sisemi kwamba anasikia kwa shida. Hasikii kitu. Ilianza miezi michache baada ya wewe kuondoka. Kwanza ukampotea ule uzi mwembamba wa gitaa, ule wa mwisho. Anaupiga, anasema umekufa, anaubadilisha. Alibadilisha nyuzi tatu kwa siku moja, akamlaani aliyezitengeneza. Halafu nikaona ameanza kuegemeza taya kwenye mbao ya gitaa, anapiga uzi huku amefumba macho, ili sauti imfikie kwa njia ya mfupa. Alifanya kazi kwa taya karibu mwaka mzima. Kisha hata taya likawa halimletei kitu. Nilimpeleka kwa daktari, akapimwa kila aina, tukaambiwa mishipa ya ndani ya masikio imekufa na kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitamsaidia.

Tulipotoka pale aliniapisha nisimwambie mtu. Sababu ya kwanza ni wateja. Alisema hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempa gitaa fundi kiziwi. Sababu ya pili ni wewe. Alisema ukijua utafungasha virago siku hiyohiyo urudi kumtunza, na yeye hataki kutunzwa na mtu ambaye anapaswa kuwa anaimba. Nilijua amesema kweli, kwa sababu ndivyo ulivyo. Nikaapa.

Tangu hapo nyuzi zote ni kazi yangu. Mteja akija, Baba analishika gitaa, anainamisha kichwa kama zamani, anapiga uzi mmojammoja. Mimi nasimama ng'ambo ya meza na kitambaa cha vanishi. Uzi ukiwa sawa nafuta meza. Ukiwa umelegea nafuta mkono. Anakaza huku ananitazama, mpaka narudi kufuta meza. Kwa miaka miwili hakuna aliyeshtukia. Ulipokuja likizo zile siku nne alijisingizia mafua, na wewe, samahani, uliongea tangu unaingia mpaka unaondoka. Hukuona kwamba Baba alikuwa anatabasamu tu.

Hata mimi nilikuwa nadhani labda kimembakia kidogo, labda sauti nene, labda ngoma. Jumapili ya kwanza ya shindano nilikuwa nimepeleka gitaa kwa mteja, nikarudi mbio. Kwenye korido nikasikia kimya, nikadhani umeme umekatika. Kuingia, nikamkuta Baba amekaa kwenye kigoda mbele ya televisheni, uso wako umejaa kioo kizima, mdomo uko wazi unaimba, na sauti imezimwa kabisa. Alikuwa amekosea kwenye rimoti, hakujua. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, na mguu wake unapiga sakafu taratibu. Nilichukua rimoti nikafungua sauti mpaka mwisho. Ukaingia chumbani kwa nguvu, uko kwenye ubeti wa mwisho. Hakugeuka. Mguu uliendelea kupiga, na haukuwa unapiga wimbo wako. Alikuwa na wimbo mwingine kabisa kichwani, sijui upi, na aliamini ndio unaouimba.

Kipindi kilipoisha, nikiwa bado na rimoti mkononi, simu ikalia. Baba amesemaje? Nilimtazama. Alionyesha kidole kwenye kioo, akaweka mkono kifuani. Hilo ndilo alilosema. Ningekuambia hivyo ungeanza maswali, ungetaka aletwe kwenye simu, ungejua. Kwa hiyo nikakuambia nilichokisikia mimi, na nilikuwa nimesikia ubeti wa mwisho tu. Nikakisema kwa ufupi wa Baba na kwa ukali wake, hata ule mguno wake wa kuanzia niliutia.

Maneno yale yote yalikuwa yangu. Kuanzia chini, kumaliza maneno, kuwafuata wapiga vyombo, yote. Kila Jumapili nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza uzi, nangoja mahali panapolegea, kisha nalivisha neno langu koti la Baba na kukutumia. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilikuwa nikikuona Jumapili inayofuata umelifanya neno langu, napigwa na baridi mwili mzima. Hakuna aliyewahi kufanya nilichosema.

Na wiki ile ya nne sikukosea. Ulipowachekesha watu kwa jina langu, kwamba sina sikio, nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Pasi nikiwa bado natabasamu kwa jinsi ulivyowafuata wapiga vyombo vizuri. Kitu kilinipanda. Niliujua wimbo wa wiki iliyofuata, niliupiga kwenye gitaa la mteja kabla hujapiga simu, na nilijua kwamba ukiimbwa chini unakufa. Nilijua, Chiriku. Nikasema Baba amesema uimbe chini. Nilitaka uanguke kidogo tu, upate aibu kidogo kama mimi. Mbele ya watu wote wale hakuna kuanguka kidogo. Nilipokuona umesimama na yule kijana wa kifua kipana, umejishika vidole kama unavyofanya tangu mdogo, niliomba nife mimi. Kisha ukanipigia na kuniomba nikuombee msamaha.

Nilipoweka simu chini, Baba alikuwa ananitazama. Kumbe alikuwa anausoma mdomo wangu tangu wiki ya kwanza. Kati ya maneno yote ya duniani, alisema, hilo la Baba amesema alikuwa analiona hata nikiwa nimempa kisogo nusu, kwa jinsi nilivyolirudia. Alikuwa amenyamaza kwa sababu aliona unapanda, na pia, alikiri, kwa sababu alikuwa anaona raha. Siku ile hakuwa na raha, kwa sababu wimbo ule anaujua, na neno langu la kuimba chini alikuwa amelisoma. Alisema amenikopesha jina lake wiki tano bila kulalamika, na leo nimelitumia kumpiga nalo mtoto wake. Siku hizi hajui kupima sauti, alisema kwa nguvu mpaka Mama Pasi akarudi kutoka mlangoni. Ndiyo, Mama Pasi anajua yote tangu siku hiyo. Alininunia siku mbili, ya tatu akaniletea nguo zangu zimepigwa pasi bila kuombwa.

Mama Pasi alipoondoka, Baba alinipa penseli ya kuchorea mbao na kipande cha mbao laini, akaniambia niandike nilichokuwa nafikiri kwa kweli juu ya wimbo ule. Nikaandika mbao ikajaa pande mbili. Aliisoma huku kidole kinafuata mstari kwa mstari. Alipomaliza aliiweka mbao mezani. Kisha akaniambia kwamba siku ile aliponitoa kwenye mazoezi alikosea. Alisema alisikiliza koo langu, akasahau kuniuliza sikio langu. Nililia, sikuona sababu ya kujizuia, na yeye akanifuta uso kwa kitambaa cha vanishi mpaka nikawashwa jioni nzima.

Wiki ya sita na ya saba nilikuambia kweli tupu. Lakini lile la mabega si langu. Siku moja kabla ya fainali walionyesha kidogo mazoezi yenu. Baba alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia nione mabega yako yalivyopanda, huyu anaogopa, pumzi yake imekwama juu, mwambie ayashushe. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, sikuona. Aliona yeye. Neno lililokupa ushindi ni la Baba mwenyewe, kutoka kichwani mwake, kwa macho yake. Ulisema kweli ukiwa na tuzo mkononi, nami nilifurahi kwamba angalau hilo hukudanganywa.

Ukikasirika, kasirika na mimi, usikasirike naye. Barua hii ameisoma. Alikata neno moja tu kwa penseli, mahali nilipokuwa nimeandika maskini Baba. Amesema yeye si maskini, ni kiziwi, na kwamba kampuni ifute hayo maandishi ya jaladani, kwa sababu hawezi kusifiwa kwa kazi ya mwanawe.

Koti la kijivu nimelifua. Jumatatu gari likija tutapanda wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Ukiona huwezi kunitazama usoni, jua kwamba nitakuelewa. Nitamfikisha Baba mpaka kwenye kiti chake, akae mahali anapoyaona mabega yako, mimi nitangoja nje mpaka jioni, na kesho yake nitangoja tena.

Baba anakusalimu kwa mkono kifuani. Mama Pasi anasema ule vizuri, na paka wake hana la kuongeza. Funika koo lako, na usiimbe ukiwa umeudhika, hata kama umeudhika na mimi.

Na ule wimbo uliotuma juzi kwenye simu yangu ili nimsikilizishe Baba, ule mpole wa mwisho, nimeusikiliza mara nne. Ubeti wa pili una haraka, kama vile unaogopa tutaondoka kabla hujamaliza. Hatuondoki. Imba taratibu. Hilo hakusema Baba, nimesema mimi.

Ni dada yako akupendaye,

Gundi